Kazi ya Kusoma Barua za Wengine

Ndugu msomaji, kama umewahi kufika mahakamani, hata kwa kumsindikiza jirani tu, utakuwa umewaona mawakili wakisimama na kuketi, hakimu akiandika, na karani akiita majina mlangoni. Yawezekana uliondoka ukiamini kwamba shauri lote limo ndani ya chumba kile. Mimi ninayekuandikia sijapata kusimama mbele ya jaji nikamtetea mtu. Kazi yangu huanza miezi mingi kabla ya siku hiyo, nayo ni kusoma: barua pepe za watu wengine, mihtasari ya vikao, hesabu za mishahara, jumbe za simu, hata salamu za sikukuu, kisha kusema ipi yahusu shauri na ipi haihusu. Naisimamia kazi hiyo katika ofisi moja ya mawakili mjini Dar es Salaam, nikiwa na wasomaji sita, na shauri likiwa kubwa, kumi na wawili.

Watoto wangu hupata taabu kuieleza shuleni. Wa pili aliwaambia wenzake kwamba mama ni mpelelezi. Nilimkanya, kwa kuwa mpelelezi hutafuta anachokitaka, ilhali sisi twatakiwa kutafuta hata tusichokitaka.

Hapo ndipo ulipo uzito wenyewe. Katika mashauri ya madai, mtu haruhusiwi kuleta karatasi zinazomfaa yeye na kuzifungia kabatini zinazomfaa mwenzake. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai ya 1966 humwezesha mdai au mdaiwa kuiomba mahakama imwamuru mwenziwe azitaje kwa kiapo nyaraka alizo nazo zinazohusu shauri. Huko Uingereza na Marekani desturi hiyo ni ya zamani zaidi na ni kali. Lakini sheria hiyo ilizaliwa wakati nyaraka zilikuwa karatasi.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya umma. Kila barua iliyoingia aliipiga muhuri wa tarehe, akaiandika katika kitabu, akaipa namba ya folio, kisha akaifunga kwa uzi katika jalada lake. Mtu akitaka kujua mkubwa fulani alifahamu nini na lini, alifungua jalada akahesabu folio. Ikikosekana ya 17 kati ya 16 na 18, pengo lilijisema lenyewe. Barua pepe haina karani wa namna hiyo. Ikitumwa kwa watu wanane, hukaa katika masanduku manane, na katika simu zao, na katika mtambo wa akiba wa ofisi, na mmoja wao akiijibu kwa neno moja la "sawa", huzaliwa barua nyingine iliyoibeba ile ya kwanza mgongoni.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mtumishi wa ofisini anayeandika na kupokea barua 50 kwa siku, kwa siku 250 za kazi, atakuwa na barua 12,500 kwa mwaka. Chukua wakuu kumi wa kampuni na miaka mitatu ya mgogoro, upate 375,000. Msomaji mzuri asiyelipualipua kazi humaliza nyaraka 50 kwa saa, yaani 400 kwa siku ya saa nane. Kwa hiyo mtu mmoja angehitaji karibu siku 940 za kazi, ambazo ni takriban miaka minne, na hapo hatujagusa simu. Nani atamlipa? Swali hilo si la kihasibu tu. Mdai akiwa mfanyakazi aliyefukuzwa, na mdaiwa akiwa benki kubwa, gharama ya kusoma yaweza kuwa ndiyo inayoua shauri.

Jambo hilo ndilo lililomkuta mwanamke mmoja wa New York, na kwa maoni yangu kila mfanyakazi wa ofisini angefaa kulijua jina lake. Laura Zubulake alikuwa muuzaji wa hisa katika ofisi ya UBS, benki ya Uswisi. Alidai kwamba alibaguliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akalalamika mwaka 2001, akaachishwa kazi mwaka huo huo, akafungua shauri mwaka 2002. Aliitaka benki itoe barua pepe zilizomtaja. Benki ikatoa kurasa 100 hivi za barua pepe, ikasema ndizo hizo. Kumbe Zubulake mwenyewe alikuwa ametunza kurasa 450 hivi. Kwa akili ya kawaida tu, ndugu msomaji: iweje mtumishi mmoja awe na barua nyingi kuliko benki nzima?

Zilizobaki zilikuwa katika kanda za akiba, ambazo kuzifungua kulihitaji mafundi na fedha. Jaji Shira Scheindlin hakusema fungua zote, wala hakusema acha zote. Aliagiza zifunguliwe tano kwanza, kwa gharama ya benki, ili ionekane kuna nini. Kazi hiyo iligharimu takriban dola 19,000, na ndani yake zikapatikana barua mamia zilizohusu madai. Gharama ya kanda zilizosalia ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 273,000. Ndipo jaji akaamua kwamba katika gharama ya kuzifungua na kuzitafuta, Zubulake achangie robo na benki ibebe robo tatu. Gharama ya mawakili wa benki kuzisoma ikabaki juu ya benki yenyewe. Mwaka 2004 ikadhihirika kwamba baadhi ya watumishi wa benki walikuwa wamefuta barua baada ya kuambiwa wasizifute, na jaji akawalaumu pia mawakili kwa kutosimamia vya kutosha. Baraza la wazee wa mahakama likaelezwa kwamba laruhusiwa kudhani kuwa zilizopotea zilikuwa na jambo baya kwa aliyezipoteza. Aprili 2005 likamtunuku Zubulake zaidi ya dola milioni 29. Kuanzia tarehe 1 Desemba 2006 kanuni za mahakama za shirikisho za Marekani zikaandikwa upya ili zitaje waziwazi maandishi yaliyomo katika mitambo.

Sisi nasi tulikuja kupata Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ambayo husema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mahakama ipime namna ulivyoandikwa, ulivyotunzwa, na kama unaaminika. Kwa hiyo hatua yetu ya kwanza si kusoma bali ni kukusanya bila kuvuruga. Kufungua faili ovyoovyo kwaweza kubadili tarehe zake. Fundi huchukua nakala ya diski nzima kama ilivyo, akaandika nani aliipokea, saa ngapi, na imefungiwa wapi. Baba angekitambua kitabu hicho mara moja. Kisha mashine hupiga hesabu juu ya herufi zote za kila waraka na kuupa namba yake. Ukibadili hata nukta moja, namba hubadilika. Nyaraka mbili zenye namba moja ni waraka ule ule, basi mmoja huondolewa. Kazi hiyo ya kuondoa mapacha hupunguza mzigo mno. Katika shauri moja la London, mwaka 2016, faili milioni 17.6 zilishuka zikawa milioni 3.1.

Baada ya hapo huja swali la maneno: tutafute kwa maneno gani? Watu wengi, na mawakili wakiwamo, huamini kwamba ukiandika neno katika mashine, mashine itakuletea kila lililomo. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Blair na Maron, walichapisha uchunguzi wao kuhusu shauri moja kubwa lenye nyaraka karibu 40,000. Mawakili wa shauri hilo walitaka wapate angalau robo tatu ya nyaraka zilizowahusu, wakaamini wamezipata. Kwa kweli walikuwa wamepata kama moja ya tano. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa. Shauri lilihusu ajali, na mawakili walitafuta neno "ajali". Lakini waliokuwa na sababu ya kuogopa lawama hawakuandika ajali. Waliandika "hali ya kusikitisha", au "ugumu" uliotokea.

Tusiwacheke. Sisi ambao tumekuza lugha ambamo rushwa huitwa chai, tunayajua hayo kuliko wao. Na Kiswahili kina ugumu wake mwingine ambao watengenezaji wa mitambo hawakuufikiria. Katika Kiingereza mwanzo wa neno aghalabu hutulia na mkia ndio hubadilika. Mashine nyingi zimezoea kushika kichwa cha neno. Sasa tafuta "punguza" katika Kiswahili: limejificha ndani ya wamepunguzwa, tutawapunguza, hawakupunguziwa, upunguzaji. Kichwa ndicho kinachobadilika, na shina limekaa katikati kama kokwa katika embe. Kwa hiyo mimi hukaa na wasomaji tukaandika kila umbo la neno tunaloweza kulifikiri, na kila jina la utani, na makosa ya tahajia ambayo watu huandika kwa simu wakiwa ndani ya daladala.

Sasa nikupe mfano. Mteja simtaji, na mambo machache nimeyabadili, maana kiapo cha siri hakiishi shauri linapokwisha; wakili wangu ameisoma sehemu hii kabla haijachapwa.

Kiwanda kimoja kiliwaachisha kazi wafanyakazi 43 kikisema biashara imeshuka. Wafanyakazi wakaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sisi tulikuwa upande wa kiwanda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aeleze habari zote zinazohusika, na ashauriane nao kabla: kwa nini, kwa njia gani, nani atachaguliwa kwa vigezo gani, na malipo yatakuwa yapi. Kiwanda kilikuwa na muhtasari wa kikao cha mashauriano cha mwezi wa Februari, umetiwa sahihi na pande zote. Kwa nje mambo yalikuwa safi.

Tulitafuta kupunguza kwa maumbo yake yote katika barua za Desemba na Januari, hatukupata kitu. Ila desturi yangu ni kutoamini rundo la "haihusu". Kila jioni huchota humo nyaraka kadhaa kwa bahati nasibu, wasomaji wakazisoma kwa macho, ili tujue mashine imeacha nini. Msomaji mmoja, kijana aliyemaliza chuo mwaka ule, akasita mbele ya barua ya Januari iliyoitwa "Safari ya Machi". Ilikuwa na orodha ya namba 43 za watumishi, na maneno mawili matatu ya kuharakisha. Akanijia nayo mezani. "Dada," akasema, "safari hii haina basi, haina nauli, wala haisemi wanakwenda wapi."

Tukatafuta "safari", "wasafiri", "msafara", "mizigo". Zikaja barua kumi na moja. Orodha ilikuwa imekamilika wiki tano kabla wafanyakazi hawajaitwa kushauriwa. Katika barua moja mkuu wa idara aliomba jina moja litolewe kwa sababu mama huyo alikuwa na watoto wachanga mapacha. Akajibiwa kwamba tiketi zimekwisha kukatwa.

Nakiri kwamba usiku ule sikuipata lepe la usingizi upesi. Nilikuwa nimeyasoma majina yale. Nyuma ya kila namba kulikuwa na kodi ya nyumba, na karo, na mgonjwa wa kijijini. Na upande wa pili kulikuwa na mteja ambaye ada yake ilikuwa ikilipa mishahara ya chumba chetu. Asubuhi nikampelekea wakili. Aliuliza jambo moja tu: je, kuna barua hata moja kati ya hizi iliyokwenda kwa wakili au kutoka kwa wakili kwa ajili ya ushauri? Swali hilo ni la haki. Sheria ya Ushahidi ya 1967 huilinda siri kati ya wakili na mteja wake, na ni vema iwe hivyo, vinginevyo hakuna ambaye angemwambia wakili ukweli. Nikamjibu hakuna, zote ni za wao kwa wao. Akapiga simu kiwandani. Ofisa mmoja wa huko alisema barua zile zahusu safari, na safari haikutajwa katika amri ya kutoa nyaraka. Wakili alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akamwambia kwamba zitatolewa, au yeye atajitoa katika shauri.

Zikatolewa. Shauri halikuendelea mbali. Kiwanda kikafanya suluhu, na watu 43 wakalipwa. Miezi miwili baadaye kiwanda kikahamishia kazi zake zote ofisi nyingine, nasi hatukuweza kuendeleza mikataba ya wasomaji wawili. Mmoja wao ni yule kijana. Nilimwandikia barua ya sifa, akapata kazi Nairobi.

Waweza kusema mambo ya namna hii ni ya kampuni. Si ya kampuni tu. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua shauri London juu ya mateso ya wakati wa Mau Mau. Katika shauri lile, Januari 2011, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi majalada kama 1,500 ya Kenya katika maboksi 300, huko Hanslope Park, ambayo hayakuwa yamewekwa wazi kwa umma. Juni 2013 ikatangaza suluhu ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Hizo zilikuwa karatasi tupu, hazikuwa na mtambo wowote. Lakini swali lililoulizwa ni lile lile la chumba chetu, yaani mwenye nyaraka anazitoa zote au anatoa zile apendazo.

Siku hizi watu huniuliza kama mashine hazitatunyang'anya kazi. Mwaka 2012 Jaji Andrew Peck wa New York aliruhusu katika shauri lenye barua kama milioni tatu kwamba mashine ifundishwe kwa mifano: wakili mzoefu asome nyaraka elfu kadhaa, aweke alama, na mashine iige na kupanga zilizobaki. London nao wakafuata mwaka 2016 katika lile shauri nililolitaja. Kwa Kiingereza mashine hizo hufanya vizuri, mara nyingine kuliko watu waliochoka saa kumi alasiri. Tulipozijaribu kwa Kiswahili chetu kilichochanganywa na Kiingereza na maneno ya vijana, zilitusaidia kuondoa matangazo na salamu, si zaidi. Hata hivyo sizichukii. Msomaji aliyesoma ripoti mia mbili za vipuri vya magari hana macho tena, na mimi ningependa macho yake niyatumie mahali panapostahili.

Kuna jambo ambalo hatuandiki katika miongozo. Katika sanduku la barua la mhasibu, kati ya hesabu na hesabu, utakuta majibu ya vipimo vya hospitali, ugomvi wa wanandoa, mtu akimwomba kaka yake fedha kwa mara ya nne. Hayo hayahusu shauri, lakini sisi tumekwisha kuyasoma. Kwa hiyo simu haziingii chumbani, na hakuna kuzungumza habari za kazi njiani wala nyumbani. Mume wangu amezoea kuniuliza siku yangu ilikuwaje na kupata jibu kuhusu chakula cha mchana. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika, na sasa ninayo sheria ya kumwonyesha anayeona masharti yangu ni ya ukali.

Wewe msomaji ambaye pengine hutapata kuingia chumba kama changu, nina machache ya kukuomba. Barua ya ajira, mkataba, hati za mshahara na taarifa za michango yako ya hifadhi ya jamii, zitunze nyumbani, nawe weka nakala kwa mtu unayemwamini. Ukiingia katika mgogoro na mwajiri, usifute ujumbe hata mmoja, hata ule unaokuaibisha. Aliyefuta hujitia shaka yeye mwenyewe. Picha ya kioo cha simu peke yake haitoshi, maana haionyeshi yaliyotangulia wala yaliyofuata. Tunza simu yenyewe. Na waambieni watoto. Nimewahi kumwona mama mmoja akilia mbele ya meza yetu kwa sababu mwanawe alifuta jumbe za miaka miwili ili apate nafasi ya kuweka mchezo wa mpira.

Jumatatu tunaanza shauri jipya. Safari hii si barua: ni jumbe za sauti 3,200 za kundi la wafanyakazi wa bandarini na msimamizi wao, nyingine za nusu dakika, nyingine za dakika sita, zimerekodiwa kwenye upepo na honi za malori. Hakuna mashine niliyoipata inayozisikia sawasawa. Nimenunua visikizio kumi na viwili, na nimetafuta wasomaji wawili waliokulia Kurasini, wanaojua watu wa kule huitaje vitu vyao.